Kadi Zilizokatwa Pembe

Zulma Pintos alimimina maji ya moto ya mate, ile chai ya majani ya kwao, kwenye sahani ya bati, na wenye meza za jirani wakajua leo kuna jambo. Hakuna mtu wa Montevideo anayemwaga maji yake ya mate hivi hivi, asubuhi ya Jumapili, upepo wa mtoni ukipanda barabara ya Tristán Narvaja na kuingia mpaka ndani ya soksi.

"Dada, unaosha miguu?" akauliza Toto Cabrera, aliyeuza mabomba kuukuu, vitasa, na funguo zisizojua tena milango yake.

"Naogesha mtoto wa mtu."

"Mtoto gani?"

"Mtu mzima. Tena marehemu."

Toto, ambaye mdomo wake haukuwa na mfuniko, safari hii aliufunga. Alitazama vitu alivyovipanga Zulma kando ya sahani: mkasi mdogo, kibano, kitambaa cheupe kilichokunjwa. Sokoni hapo kila mtu alijua kazi ya vitu hivyo. Unakata pembe ya postikadi yenye stempu, unailaza majini, unasubiri gundi ilegee, unainyanyua stempu kwa kibano na kuikausha kifudifudi. Mkusanya stempu anaondoka na stempu yake. Kadi inabaki bila pembe, imeng'atwa: upande wa mbele anga ya mji imemeguka, upande wa nyuma nusu ya jina la aliyeandikiwa imekwenda na mkasi.

Zulma alikuwa akifanya biashara hiyo miaka yote na mkasi hakuwahi kuugusa. Wateja wa stempu waliombembeleza, wakamwita mkaidi, wakaenda meza nyingine. Leo mkasi ulikuwa mezani, umenolewa.

"Kwa hiyo mzee Berrutti anakuja," akasema Toto polepole.

"Mpwa wake kasema atamleta."

"Na wewe utamfanya nini? Mzee mwenyewe ameshapigwa na kiharusi, upande mmoja umekufa."

"Kuna upande mwingine," akasema Zulma.

Kisha akainama, akaanza kuyashusha masanduku yake kutoka mezani. Yalikuwa masanduku ya viatu, karibu kila moja na jina la nchi: Italia, Misri, Brazili, Japani. Aliyashusha yote, akayapanga chini juu ya blanketi, ili yeyote atakayetaka kutafuta kadi siku hiyo apige magoti.

*

Baba yake aliitwa Wáshington Pintos, mpishi wa meli za mizigo. Alikuwa mtu wa mikono mikubwa na maneno mafupi, na kila bandari aliyoshuka alinunua kadi. Santos, Genova, Yokohama, Aleksandria. Mama yake Zulma, Dulce, hakujua kusoma. Jirani wa chumba cha pili, mle kwenye nyumba ya vyumba vingi ya Barrio Sur, aliwasomea kwa sauti kadi inapofika, na wapangaji wote wakatoka kusikiliza, mwenye kufua akaacha kufua. Dulce alizihifadhi kadi katika sanduku la mbao pamoja na kitana cha mama mkwe wake na vifungo vya shati la harusi. Kadi ya mwisho ilitoka Dakar. Ilikuwa na picha ya wanawake wa sokoni chini ya mwavuli. Baada ya hiyo meli haikuonekana tena, wala mpishi wake.

Mwaka huo mvua ilipenya ukutani na sanduku likaota ukungu. Ndipo akaja mnunuzi wa vitu vya kale, kijana bado, suti ya kijivu, viatu vinang'aa: Amílcar Berrutti. Alizunguka chumba kwa chumba akiuliza nani ana vioo, nani ana saa. Alipoliona sanduku alisikitika sana. "Zitaoza hizi, mama. Nipe nikazitoe unyevu. Jumapili ya pili unazipata safi."

Jumapili ya pili Dulce alimshika Zulma mkono wakapanda mpaka Tristán Narvaja. Kadi walizikuta mezani kwake. Genova ilikuwa ndani ya sanduku la Italia, Yokohama ndani ya Japani. Zote zilikuwa zimekatwa pembe.

"Hizi ni zangu," akasema Dulce. "Aliniandikia mume wangu."

"Zipi, mama? Onyesha jina lako."

Dulce akachukua moja, akaigeuza kwenye maandishi, akainyanyua ili watu waone. Berrutti akatabasamu kwanza, akasubiri watu wakusanyike, ndipo akasema kwa sauti ya mnada:

"Umeishika kichwa chini."

Watu wakacheka. Hawakuwa watu wabaya. Ni kicheko cha soko, kinachotoka kabla mtu hajafikiri. Lakini Zulma alikuwa ameshika mkono wa mama yake na aliuhisi ukipoa kidole kwa kidole. Na wakati wanaondoka Berrutti akawatupia la mwisho: "Hapa hakuna familia, mama. Kuna nchi tu."

Zulma alikua na sentensi hiyo kama wenzake wanavyokua na ndugu. Alipoanza kufua nguo za watu alikwenda kumnunua baba yake, kadi moja moja, kutoka mkononi mwa mtu yule yule, bei ile ile ya wengine. Alimjua kwa mwandiko ulioinamia kushoto. Alipopata uwezo alifungua meza mkabala na ya Berrutti, wakatazamana Jumapili baada ya Jumapili, wakizeeka. Genova alishaipata, Santos, Aleksandria. Ya Dakar ilichukuliwa na mgeni mmoja aliyekuwa anapita, na mama yake akafa akiuliza ile kadi ilisemaje, maana alikuwa ameshasahau, na jirani aliyeisoma alishatangulia.

Halafu kiharusi kikamwangusha Berrutti, na mpwa wake, badala ya kungoja mzee apone au afe, akaimaliza nyumba mnadani. Vioo vilikwenda, saa zikaenda. Mwishoni dalali akanyanyua kopo la biskuti lililofungwa kwa kamba akauliza nani analitaka. Ulinyanyuka mkono mmoja tu.

Humo ndani Zulma alikuta picha ya marehemu Iris, mkewe Berrutti, amevaa nguo za kuogelea ufukweni Piriápolis, anacheka jua likimpiga machoni. Alikuta kiatu cha mtoto mchanga na msuko wa nywele nyeusi uliofungwa utepe. Na alikuta kadi za mwanawe wa pekee, Rúben, aliyekimbia nchi wakati wa utawala wa jeshi, akapitia Meksiko, akapitia Uholanzi, akatulia Uswidi na kufia huko. Kadi nyingi. Kila moja ilikuwa na stempu yake. Kila moja na pembe zake zote nne.

Hilo ndilo lililomchoma. Kumbe alijua. Kumbe mtu huyu alijua siku zote familia ni nini na huwekwaje.

*

Mpwa alimleta karibu na saa sita, akamkalisha kwenye kreti ya Toto kama mzigo wa kuchukuliwa baadaye.

"Nakwenda kula mkate wa faina, mjomba. Usisumbue watu."

Berrutti alibaki na fimbo katikati ya magoti. Suti ilikuwa ile ile ya kijivu, au ndugu yake. Mkono wa kulia ulilala mapajani. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka, lakini maneno yalitoka mazima, taratibu.

"Binti Pintos."

"Don Amílcar."

"Umenenepa."

"Na wewe umepinda."

Toto akakohoa kuficha kicheko.

"Nimeambiwa una vitu vyangu," akasema mzee.

"Vitu vyako? Vipi, mzee? Onyesha."

Berrutti akamtazama. Macho yalikuwa yale yale, ya mtu anayekadiria thamani ya chumba kabla hajakaribishwa kuketi. Zulma aliona neno lilivyomfikia na kumkaa.

"Kopo," akasema. "Liko wapi?"

"Kopo hili hapa." Akaligonga mezani likatoa mlio wa utupu. "Umbali wote huo umekuja kufuata bati? Vilivyokuwemo nimevipanga. Mimi ni mtu wa utaratibu, nilifundishwa na bingwa. Mkeo yuko kwenye sanduku la Wanawake wa Pwani, hapo chini. Kiatu kiko kwa Toto, kati ya vitasa. Mwanao katafute. Hapa hakuna familia, Don Amílcar. Kuna nchi tu."

Aliyasema kwa sauti ya mnada. Muuza vitabu aligeuka. Mwanamke aliyekuwa akichagua vijiko aliacha. Sentensi aliyoibeba tangu utotoni ilikuwa imetoka, na Zulma alisubiri kifua kiwe chepesi.

Mzee aliegemeza fimbo, akashuka. Ilimchukua muda. Goti moja, kisha lile la pili, ambalo halikutii mpaka alipolivuta kwa mkono wa kushoto. Toto alitoka kumsaidia.

"Mwache!" Zulma akafoka.

"Dada..."

"Mwache, Toto. Mama yangu alisimama. Yeye apige magoti."

Vidole vya kushoto vilipita juu ya kadi upesi, kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote, vikasimama ndani ya Uswidi. Akachomoa moja: tramu ya buluu, theluji mpaka magurudumuni. Uso wake ukalegea. Akaigeuza kutoka chini kwenda juu, apate maandishi, na maandishi yakaja miguu juu. Akabaki ameyatazama hivyo hivyo.

Akaendelea kuyatazama.

Zulma alielewa kabla moyo wake haujaamini. Damu ilimpanda kichwani. Hata angeagiza, hata angeomba kwa watakatifu wote wa mama yake, asingeletewa hivi.

"Don Amílcar," akasema, taratibu, akisubiri watu wasogee. "Umeishika kichwa chini."

Hakuna aliyecheka. Muuza vitabu aliinamia vitabu vyake. Toto akageukia mabomba yake, akaanza kufungua moja lisilo na maji.

"Kiharusi," akasema Berrutti. "Macho kimeniachia. Herufi kimezichukua. Naziona zinatembea kama sisimizi."

"Nikusomee?"

Alimnyooshea kadi. Zulma akaishika, akaigeuza sawasawa, akakohoa. Maandishi ya Rúben yalikuwa madogo, yamebanana. Zulma hakuyafuata.

"'Baba,'" akasoma, "'usiniandikie tena. Huku nimewaambia watu kwamba baba yangu alikufa. Ni rahisi zaidi kuliko kuwaeleza wewe ni nani.'"

Mzee alikuwa bado chini, ameinua uso. Shavu la upande ulio hai lilitetemeka mara moja.

"Si hivyo," akasema.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Si hivyo, binti. Ya tramu inasema: 'Mzee, hii tramu inapita chini ya dirisha langu, na kila ikipita vijiko vinacheza kabatini. Nimenunua koti la marehemu fulani. Mfukoni nimekuta karanga. Nimezitafuna zote, Mungu amrehemu. Mwambie mama nimeshaanza kuota kwa lugha yao na hata ndotoni sielewi.'"

Zulma akashusha macho kwenye kadi. Koti lilikuwepo. Karanga zilikuwepo. Neno kwa neno, mpaka ndoto.

Hapo ndipo hasira ilipompata hasa, hasira mpya, nzito kuliko ile ya zamani. Hakuchukua hata mkasi. Aliongeza maji ya moto kutoka kwenye chupa yake ya mate, akaitumbukiza kadi yote kwenye sahani, maandishi juu, akaishikilia kwa kidole. Wino ukaanza kutoka, kwanza nyuzi nyembamba, kisha wingu la buluu lililojaa sahani nzima.

Berrutti alitazama. Alitazama kwa makini ya fundi.

"Maji yamezidi moto," akasema. "Yanatakiwa vuguvugu. Hayo yanakimbiza wino."

"Najua."

"Basi unafanya makusudi."

"Makusudi."

"Haya." Akagusa paji la uso kwa kidole cha kushoto. "Hiyo ninayo. Na hizo nyingine ninazo. Endelea."

Zulma alisimama na kidole majini. Alijiona kama mtu aliyevunja mlango kwa bega, kwa miaka, na ulipoanguka akakuta wenyewe walishahama.

"Sasa kama unazo kichwani," akauliza, sauti imemkauka, "umepiga magoti ya nini?"

Mzee alifikiri. "Zina mkono wake," akasema. "Nilitaka kuzishika." Kisha, bila kubadilisha sauti: "Na ya baba yako ninayo pia."

"Usimtaje baba yangu."

"Ya Dakar. Wanawake na mwavuli. Ulidhani mimi nilikuwa nakata stempu tu? Hakuna kadi iliyopita mkononi mwangu bila kusomwa. Nyingi ni upuuzi: jua kali, chakula kizuri, salamu kwa shangazi. Ya mpishi ilikuwa nzuri. Niliiuza kwa kusitasita."

"Usimsikilize, dada," Toto akasema kutoka nyuma ya mabomba. "Huyo angemuuzia Papa rozari ya Papa mwenyewe."

"Rudisha kopo," akasema Berrutti. "Na mke wangu, na kiatu, na kijana wangu wote. Nitakwambia baba yako alisema nini."

"Nitajuaje kama si uongo? Nimekudanganya mimi sasa hivi."

Nusu ya mdomo wake ikatabasamu. "Hutajua."

Upepo ulipiga blanketi, kadi za Italia zikatikisika. Zulma alitazama mikono yake miwili, mikubwa, ya baba yake, iliyochubuliwa na sabuni za watu. Alikuwa ameipanga siku hii kwa namna nyingi: mzee akilia, mzee akiomba, mzee akifukuzwa na stempu za mwanawe zikikauka kifudifudi mbele ya macho yake. Katika namna zote hizo yeye ndiye aliyekuwa na kitu na mzee hana.

Akavuta kopo.

Alichomoa Uswidi, akachomoa Uholanzi na Meksiko. Alimtoa Iris kutoka kwa wanawake wengine wa pwani. Toto alileta kiatu mwenyewe bila kuambiwa, amekipangusa kwenye suruali. Msuko ukaingia, na kadi juu yake moja baada ya nyingine, zikitoa sauti ndogo kwenye bati. Mzee alikuwa akihangaika kurudi kwenye kreti, Toto amemshika kwapa, na wakati huo kadi moja, nyumba nyekundu kando ya ziwa, ya mwisho aliyoandika Rúben, haikuingia kopo. Iliingia chini ya chupa ya maji ya mate. Zulma akafunga kifuniko na kamba juu yake.

"Sema."

Berrutti aliliweka kopo kifuani, akafumba macho.

"'Dulce. Leo nimeona sokoni mwanamke mwenye mwendo wa marehemu mama yangu. Mabega yale yale, kikapu kile kile. Nimemfuata kama mtoto, mpaka akageuka akanitukana. Sikuelewa hata neno moja, ila tusi halihitaji mkalimani. Nikamvulia kofia. Akacheka, na hata kicheko kilikuwa cha mama. Nimerudi melini nikaunguza wali wa watu wote, nahodha hasemi nami. Mwambie Zulma...'"

Akakaza mkono kwenye kopo.

Zulma alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Mwambie Zulma nini?"

Mzee akafumbua macho.

"Jumapili ijayo," akasema.

"Maliza."

"Jumapili."

"Maliza, we mzee, nisije nikakuvunja huo mguu uliobaki!"

"Ukinivunja sitakuja." Alivuta fimbo. "Umenipigisha magoti mbele ya soko, binti Pintos. Magoti yanauma. Mstari wa mwisho ndio malipo ya magoti."

"Utakufa kabla ya Jumapili!"

"Basi niombee uzima. Niombee sana." Na mpwa alikuwa ameshafika, mdomo unang'aa mafuta, akimwinua kwa mkono mmoja na kumtaka radhi kila mtu kwa mwingine.

Walipanda barabara taratibu, suti ya kijivu ikiyumba katikati ya watu. Zulma hakumfuata. Toto alisema kitu kuhusu mashetani na wauza vitu vya kale, hakumsikia. Kadi ya tramu ilikuwa imeelea juu ya sahani, nyeupe upande wa nyuma kama haijaandikwa kamwe. Aliitoa kwa kibano, akailaza kwenye kitambaa.

Kisha akainua chupa. Nyumba nyekundu ilikuwa pale, kavu, stempu yake pembeni. Akaisukuma chini ya kiganja.

Pale juu, karibu na kona, mzee alikuwa amesimama. Mpwa alimvuta mkono, hakutikisika. Alilisogeza kopo sikioni, upande ulio hai, akalitikisa polepole, akainamisha kichwa. Akasikiliza, kama mtu anayehesabu. Akalitikisa tena.